Sauti Zisizofanana

Git ilizaliwa Aprili 2005, baada ya Linus Torvalds na wenzake wanaotengeneza keneli ya Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu waliyokuwa wakiitegemea kutunza matoleo ya kazi yao. Torvalds aliandika msingi wake ndani ya siku chache. Ilitengenezwa kwa ajili ya msimbo, yaani maandishi: mafaili madogo maelfu kwa maelfu, yanayobadilika mstari mmoja leo, miwili kesho. Hakuna aliyekuwa akimfikiria mvuvi wa Liuli anayesimulia upepo wa mwera kwa dakika kumi na mbili bila kupumzika. Nalisema hili mapema ili nisionekane naidai programu kitu ambacho haikuahidi.

Sisi tuko watano. Wawili tunaishi Mbinga mjini, mmoja Maguu, na wawili chini ziwani, Liuli na Mbamba Bay. Tunakusanya maneno na masimulizi ya Kimatengo cha huku milimani na Kimpoto cha kule ufukweni. Hatuna mfadhili wala ofisi. Tuna vinasa sauti viwili, diski moja ya nje, na laptopu yangu niliyoinunua ikiwa imeshatumika, yenye RAM ya gigabaiti 4 na prosesa inayoendesha nyuzi nne kwa pamoja. Mimi ni mwalimu wa hisabati. Mambo ya kompyuta nimejifundisha usiku, nikishamaliza kusahihisha madaftari.

Watu huniuliza kwa nini tusitumie folda za kawaida. Tulizitumia. Ndani ya mwaka mmoja tukawa na "kamusi_mwisho", "kamusi_mwisho2" na "kamusi_mwisho_kabisa_hii", na katika kila moja kulikuwa na maneno yasiyokuwemo katika nyingine. Git ilitumalizia ugomvi huo. Kila mtu anafanya kazi kwake, kila badiliko linabaki na tarehe na jina la aliyelifanya, na kilichofutwa leo kinaweza kufufuliwa mwakani. Tena haihitaji intaneti, jambo ambalo wengi wa mjini hawalijui. Hazina kuu inaweza kukaa kwenye diski ya nje, na diski hiyo ikapanda gari. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 hivi za lami inayojikunja kushuka mlima, halafu unafuata ufukwe kuelekea Liuli, na gigabaiti zako zote zinafika kwa nauli ya mtu mmoja. Jaribu kuzituma kwa bando.

Tatizo lilikuja likizo ya Juni. Dada wa Liuli, ndivyo sote tunavyomwita ingawa mimi ni mkubwa kwake, alikuwa amenipandishia kadi yenye rekodi 38 mpya, zote masimulizi marefu. Kadi ilikuwa imejaa na ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Alikuwa na miadi na wazee wengine wawili wiki iliyofuata, kwa hiyo nilitakiwa kuziingiza rekodi kwenye hazina, kuzisukuma kwenye diski, kisha nishuke na diski pamoja na kadi iliyo tupu. Nikaziingiza, nikakomiti, nikachomeka diski, nikatoa amri ya kusukuma. Git ikatangaza kwamba inatafuta delta kwa nyuzi nne. Asilimia ikapanda hadi 11 na kukaa hapo. Kishale kikaganda. Saa ya kwenye kona ya kioo ikasimama. Zikapita kama dakika tano, mashine ikarudi yenyewe kama mtu aliyezinduka, na kwenye dirisha la amri kukawa na taarifa kwamba mchakato uitwao pack-objects umekufa kwa ishara namba 9.

Ishara namba 9 si ugonjwa, ni risasi. Keneli ya Linux ikiishiwa RAM kabisa huchagua mchakato mmoja na kuuua ili mingine iishi, na kwa kawaida huchagua uliojilimbikizia zaidi. Niliifungua taarifa ya keneli yenyewe, nikakuta jina la Git pale, limeandikwa kwa ubaridi kama wa cheti cha kifo. Nikarudia amri. Asilimia 11, risasi. Nikafunga kila kitu kingine na kurudia tena. Asilimia 13, risasi.

Nilimpigia Dada.

"Mwalimu, hazina imenenepa," akasema. "Tuikate."

Kukata maana yake ni kuandika historia upya. Ipo programu iitwayo git-filter-repo inayopita kwenye kila komiti tangu ya kwanza na kuling'oa faili ulilolitaja, kana kwamba halikuwahi kuwepo. Alichotaka king'olewe ni rekodi ghafi za mzee.

Mzee huyo alikuwa msimuliaji wetu wa kwanza. Alivua usipa kwa taa katika usiku wa giza tangu ujana wake, na alitupa masimulizi matatu, kila moja la dakika kumi au zaidi. Yalirekodiwa chini ya mwembe, msimu wa mwera, kuku wakipita, mkewe akiwa pembeni na ungo wake. Baadaye, kwa makubaliano ya kikundi, tulitoa matoleo safi: vikohozi vikaondolewa, vituo virefu vikaondolewa, na sauti ya mama pembeni ikaondolewa pia. Kadi ya kinasa sauti ikatumika tena, kama kawaida yetu. Mzee alifariki mwaka jana. Kwa hiyo sauti yake nzima, na kikohozi chake, ilibaki mahali pamoja tu: ndani ya historia ya Git, chini ya matoleo safi.

"Hizo safi tunazo," Dada alisema. "Ghafi nani anazisikiliza? Kuku na upepo. Na hawa 38 wako hai, Mwalimu, wengine wana miaka themanini na kitu. Wako kwenye kadi moja. Ikiharibika?"

Hakuwa na ubaya. Yeye ndiye aliyekaa naye chini ya ule mwembe, na yeye ndiye aliyemlilia. Kijana wetu wa Mbamba Bay alimuunga mkono. Nilikuwa nimewatumia wote picha ya kioo changu wakati Git inahangaika, na katika safu moja palionekana gigabaiti 6.8. Akajibu kwamba hesabu iko wazi: hazina inataka karibu gigabaiti 7, mashine ina 4, basi lazima vitu vipungue. Mbaya zaidi, ibada ya kumbukumbu ya mzee ilikuwa Jumapili ya wiki ileile. Nikawaomba siku nne.

(Kiswahili kimelitwisha neno kumbukumbu mizigo mingi. RAM ni kumbukumbu, mihtasari ya kikao ni kumbukumbu, na ibada ya marehemu ni ya kumbukumbu. Humu nitaiita ya kwanza RAM ili tusipotezane.)

Nilianza na ile 6.8, kwa sababu ilikuwa kubwa kuliko RAM yote ya mashine na kitu hicho peke yake kilinitia shaka. Programu inayoonyesha michakato ina safu mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza, VIRT, ni nafasi yote ambayo programu imeomba ruhusa ya kuiangalia. Ya pili, RES, ni kile kilichokalia RAM kweli. Git, inapotaka kusoma furushi kubwa la vitu vilivyofungwa pamoja, haisomi lote. Huiambia keneli ilihesabu furushi kana kwamba liko kwenye RAM, kisha kurasa huletwa moja moja pale zinapohitajika. Kwenye mashine za biti 64 hujipimia kwa ukarimu, vipande hadi vya gigabaiti moja. Ni kama mtu mwenye kadi ya maktaba: huwezi kusema vitabu vyote viko chumbani kwake. Safu ya RES ilisema gigabaiti 3.1 kabla ya risasi. Hizo ndizo zilizoua. Historia ya zamani ilikuwa inachangia zaidi kwenye safu isiyoua mtu.

Hilo halikutosha kumshawishi mtu. Lilinionyesha tu kwamba gigabaiti 3.1 zina mwenyewe, na sijui ni nani.

Usiku wa pili nilisoma jinsi Git inavyofunga mizigo. Nitaeleza kwa kazi ninayoijua. Fikiria mwalimu mwenye rundo la madaftari anayetaka kujua nani kanakili kwa nani. Anafungua madaftari kumi mezani, anachukua la kumi na moja na kulilinganisha na kila moja. Akikuta ni sawa na la mwenzake isipokuwa mstari wa tatu, halihifadhi lote, anaandika, "kama lile, badili mstari wa tatu." Hiyo ndiyo delta. Kisha daftari lililokaa mezani muda mrefu kuliko mengine linaondolewa, hili jipya linachukua nafasi. Kumi ndicho kiwango cha kawaida cha Git. Kwa msimbo, ambako faili la leo ni la jana lenye mabadiliko mawili, ni busara kubwa sana, na ndiyo sababu historia ya miaka ya keneli ya Linux inaingia kwenye diski ya mtu wa kawaida.

Kabla ya kulinganisha, Git hupanga rundo. Mafaili ambayo majina yao yanaishia kwa herufi zilezile hukaa jirani, na makubwa hutangulia. Yetu yote yanaishia kwa .wav.

Halafu kuna nyuzi. Mwaka 2007 Nicolas Pitre, mmoja wa waandishi wa Git, aliiwezesha kazi hii kufanywa na nyuzi kadhaa kwa wakati mmoja, maana prosesa zilikuwa zimeanza kuwa na viini vingi. Kwa mfano wetu, ni walimu wanne katika ofisi moja ndogo, na kila mmoja ana meza yake yenye madaftari yake kumi.

Sasa piga hesabu. Kinasa sauti chetu kinarekodi chaneli moja, sampuli 44,100 kwa sekunde, kila sampuli baiti mbili. Dakika kumi ni baiti milioni 52.9, sema megabaiti 53. Faili likiwa mezani linakuwa limefunguliwa, halijabanwa. Juu yake Git inatengeneza faharasa ya kulitafutia, na katika mashine za biti 64 faharasa hiyo inakaribia ukubwa wa faili lenyewe. Megabaiti 53 mara mbili, mara kumi, mara nne. Nililiandika ubaoni kwenye darasa tupu, kwa mazoea: 4,240. Mashine nzima ina gigabaiti 4, na keneli pamoja na kioo vinataka kula pia.

Nilikaa nikiiangalia namba ile. Ilikuwa imetoka kwenye rekodi 38 mpya peke yake. Hakuna mahali popote ndani yake ambapo mzee alihesabiwa.

Ilinieleza pia kwa nini zamani tulikuwa salama. Miaka miwili ya mwanzo tulirekodi maneno: mtu anatamka, anarudia, sekunde ishirini, chini ya megabaiti 2. Unaweza kufungua kumi za namna hiyo kwenye meza nne bila hata feni kujua. Masimulizi ya mzee yalikuwa marefu lakini machache, mafaili sita ukijumlisha ghafi na safi. Dada alipoanza kurekodi hadithi ndipo meza zilipojaa.

Kuna kikomo kimoja ambacho kingetuokoa: faili linalozidi megabaiti 512, Git hailiweki mezani hata kidogo. Rekodi zetu ni kubwa mno kwa laptopu yangu na ni ndogo mno kwa Git kuziogopa. Na kuna kipimo kingine, pack.windowMemory, kinachoiwekea kila meza mpaka wake. Kiwango chake cha kawaida ni sifuri. Sifuri hii haina maana ya hakuna kitu, ina maana ya hakuna mpaka. Nimefundisha hisabati miaka sita na sifuri ya namna hii inanikera kila ninapoikuta.

Usiku wa tatu nilinakili hazina nzima pembeni, ili nikiharibu niharibu nakala, nikaanza kupima. Amri ya time, ukiiomba ieleze kwa kirefu, hukuonyesha kilele cha RAM ambacho programu ilifikia. Kwa nyuzi nne: risasi, kama tulivyozoea. Kwa uzi mmoja: ilimaliza, kilele gigabaiti 1.2, lakini ilichukua zaidi ya robo saa ikilinganisha. Hesabu ya ubaoni ilikuwa imesema 1,060 kwa meza moja. Kwa mwalimu wa hisabati aliyekunywa chai baridi saa saba usiku, hiyo ni furaha kubwa kuliko inavyostahili.

Kisha nikaangalia kile robo saa ile ilichonipatia. Katika rekodi zote 38, delta zilizopatikana zilikuwa sifuri. Sifuri ya kawaida, ile ya kweli. Ukifikiri, ingekuwaje vingine? Git hutafuta vipande vya baiti 16 vinavyolingana sawasawa. Mtu yuleyule akitamka neno lilelile mara mbili, chini ya mti uleule, namba zinazotoka kwenye kinasa sauti hazilingani. Pumzi imebadilika, jani limetikisika. Masikio yetu yanasema ni neno moja. Kwa baiti ni vitu viwili visivyojuana. Walimu wanne walikuwa wanajaza ofisi wakitafuta nani kanakili, katika darasa ambalo hakuna mtoto hata mmoja aliyenakili.

Dawa yake ni mstari mmoja katika faili la .gitattributes:

*.wav -delta

Yaani: mafaili ya namna hii yafunge, lakini usiyalinganishe. Nikapima. Dakika tatu, kilele chini ya megabaiti 200, na furushi lililotoka lilikuwa na ukubwa uleule, tofauti haikufika megabaiti moja. Kwa kuwa diski ni hazina tupu isiyo na mafaili yaliyofunguliwa, na kwa kuwa Git hujisafisha yenyewe baada ya kupokea mizigo, niliuandika mstari huohuo katika info/attributes ya kule pia. Vinginevyo ingeweza kusukuma salama halafu ipigwe risasi wakati wa kufagia.

Ningeweza kuishia hapo. Rekodi zingefika, hoja ya kukata ingekufa yenyewe. Lakini bado nilitaka kumjibu Dada alichosema, kwamba ghafi zinatunenepesha. Usiku wa nne nikaendesha git verify-pack juu ya furushi la zamani, amri inayoorodhesha kila kitu kilichomo, ukubwa wake, na kama kimehifadhiwa kwa delta, delta hiyo inategemea nini.

Rekodi safi ya simulizi la pili la mzee ni megabaiti 41 ukiifungua. Ndani ya furushi ilikuwa kilobaiti 5. Pembeni yake kulikuwa na alama ya kitu inachokitegemea, na kitu hicho kilikuwa rekodi ghafi.

Niliangalia nyingine mbili. Vilevile.

Hapa kulinganisha kulikuwa kumefanya kazi yake. Tulikata kwa programu isiyogusa sampuli zinazobaki, kwa hiyo toleo safi ni ghafi ileile yenye mapengo. Git hutanguliza kubwa, ikaiweka ghafi mezani kwanza, safi ikaja, ikatambua kila kipande. Ile tuliyokuwa tunaiita safi, ndani ya furushi, ni orodha ya maelekezo: chukua kutoka kwenye ghafi kuanzia hapa hadi pale, ruka, chukua tena. Ukiing'oa ghafi, Git italazimika kuiandika safi yote upya. Faida yako itakuwa ni yale mapengo tu: kwa masimulizi yote matatu, kama dakika saba, megabaiti 37 kabla ya kubanwa. Kwa hazina ya gigabaiti 2 na kitu, hicho ni kikohozi.

Nilimpigia Dada asubuhi, ingawa nilijua yuko sokoni.

"Kwa hiyo hizo safi nilizokata mimi..." alisema.

"Zimeegemea zile ghafi. Zote tatu."

Alinyamaza. Nilisikia mtu akipanga bei ya dagaa, halafu mwingine akicheka.

"Na kadi?"

"Iko tupu. Nakuja nayo kesho."

Nikamweleza pia kwamba dawa yangu ina gharama. Mstari ule unazuia ulinganisho wote wa .wav, wa kipuuzi na wa maana. Delta za zamani hazivunjiki. Git huzitumia tena zilivyo, isipokuwa uilazimishe kuanza upya. Ila kuanzia sasa, tukitengeneza toleo safi la rekodi mpya, litahifadhiwa lote, megabaiti kwa megabaiti. Dada ndiye aliyetoa jibu, na lilikuwa bora kuliko langu. Kama safi ni orodha ya maelekezo, alisema, kwa nini tusiiandike wenyewe? Sasa tunaweka ghafi peke yake, na kando yake faili la maandishi: dakika na sekunde za kuanzia, dakika na sekunde za kuishia, mstari kwa mstari. Anayetaka toleo safi anaendesha programu ndogo, anatengenezewa. Maandishi ndiyo Git iliyazaliwa kwayo, na sisi tumeacha kuchagua mara moja kwa wote kipi ni kelele.

Alhamisi nikateremka. Mwera ulikuwa unavuma, na karibu na ufukwe usipa walikuwa wameanikwa mchangani na kwenye vichanja, harufu ikikupokea kabla ya watu. Liuli ndiyo ile Wajerumani waliyoiita Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba ulio majini unaofanana na lile sanamu la Misri. Agosti 1914, vita vikiwa vibichi, meli ya Waingereza Guendolen ilivuka ziwa ikaja kuishambulia hapo meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann. Vitabu vinasimulia kisa hiki kwa kicheko, kwa sababu manahodha wa meli hizo mbili walikuwa wakijuana na, inasemekana, yule Mjerumani hakuwa na habari kwamba nchi zao zinapigana. Meli yake ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mzee alilisimulia jambo hilo katika rekodi ya pili, kama alivyolisikia kwa baba yake: mizinga, watu wakikimbilia mlimani.

Mjane wake alikuwa ameomba azisikie rekodi kabla ya Jumapili, ili achague ipi isikike kwenye ibada. Tulimkuta uani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmemleta?"

Dada akaweka laptopu kwenye kigoda na kuanza na zile safi, maana ndizo zilizotengenezwa kwa ajili ya watu. Bibi alisikiliza akiwa ameshika kidevu. Simulizi la pili lilipofika kwenye meli, akainua mkono.

"Hapo nilisema kitu."

Dada akanitazama. Nikaitafuta komiti ya kwanza na kuitoa ghafi kando. Ikaanza: upepo, kuku, kikohozi, kisha mzee anasema meli ya Wajerumani ilikuwa imetia nanga majini. Na kwa mbali, nyuma ya ungo unaopepetwa, sauti ya mwanamke: wewe mzee, meli ilikuwa nchi kavu, bibi yangu aliiona imekaa juu ya magogo. Mzee anacheka, anakohoa, anaendelea kana kwamba hakuna aliyesema.

Bibi alicheka kicheko kilekile cha kwenye rekodi. Halafu akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Hakukubali hata siku ile," akasema. "Hii ndiyo mtakayoweka Jumapili. Na bado sikumaliza kusema, upepo ulinikatiza. Mna hicho kidude chenu?"

Dada alikuwa ameshaichomeka kadi. Akakiweka kinasa sauti kwenye kigoda, karibu kidogo na Bibi kuliko alivyozoea. Kuku walikuwepo. Tuliwaacha.